Kadi Mbili za Njano

Mtu anayevuka Horohoro kwa gari kwenda Mombasa anaweza kuulizwa kadi mbili, na zote mbili huku kwetu zinaitwa kadi ya njano. Moja ni ya mtu: kijitabu cha chanjo ya homa ya manjano. Nyingine ni ya gari. Hiyo ni bima ya COMESA, inayotambulika katika nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika, na Tanzania imebaki kwenye mpango huo hata baada ya kujitoa COMESA yenyewe mwaka 2000. Gari la Tanga likimgonga mtu Ukunda, kadi ndiyo inayomlipa. Likipinduka, kadi inagharamia pia matibabu ya dereva na abiria walioumia humo.

Sentensi hiyo ya mwisho nimeirudia mara nyingi. Maana yake ni kwamba bibi yangu, aliyekaa siti ya dirishani na mkoba mapajani, alikuwa na bima kutoka Horohoro hadi Likoni kwa sharti moja tu: basi lipinduke. Halikupinduka. Bibi alishuka salama, akala pilau ya arusi siku tatu, na siku ya nne akateleza bafuni kwa dada yake akavunjika nyonga. Ilikuwa Desemba 2023. Alikuwa na miaka 74.

Nasema kavuka mpaka, lakini mwenyewe hasemi hivyo. Kwa Bibi, safari ni Dar es Salaam. Mombasa ni "kwenda mara moja". Yeye ni Mdigo, na Wadigo wapo Kwale kama walivyo Tanga. Mama yake alizaliwa Vanga, dada yake kaolewa Likoni, na Msambweni ipo hapa Tanga mjini na ipo tena kule Kwale, kwenye barabara hiyo hiyo ya Mombasa. Mstari ulichorwa mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipoafikiana huko Ulaya kwamba mpaka uanzie mlango wa mto Umba. Hawakuwa na habari za nani kamwoa nani. Tangu hapo watu wa pwani hii wanaishi na mstari huo kama wanavyoishi na kizingiti kirefu cha mlango: unainua mguu, unapita.

Ndiyo maana Makorora hakuna anayemwuliza mtu aendaye Mombasa kama ana bima. Bima ni ya waendao ng'ambo, na ng'ambo ni Maskati au Ulaya. Bibi alibeba hati yake ya muda ya kusafiria, doti mbili za khanga za zawadi na kisamvu kilichotwangwa (ati cha Mombasa hakitwangwi vizuri). Kwenye pochi, kama kawaida yake hata akienda sokoni Mgandini, alikuwa na kadi ya NHIF.

Kadi hiyo anaiamini kuliko anavyotuamini sisi wajukuu. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001, ukianza na watumishi wa serikali, na mtumishi anaruhusiwa kuwaandikisha wazazi wake. Baba mdogo ni mwalimu. Basi kwa miaka mingi Bibi ametibiwa presha Kituo cha Afya Makorora na Bombo bila kufungua kibubu chake. Anaitoa kadi, anaiweka mezani, anakaa kitako na kungoja. Kwake hicho kipande cha plastiki kina maana moja: mwanangu ni mwalimu.

Likoni walimkimbiza hospitali ya binafsi iliyokuwa karibu zaidi. Pale kaunta akaitoa kadi, akaiweka mezani. Na hapa kuna jambo ambalo lingekuwa mzaha kama lisingekuwa usiku wa manane: Kenya nayo wakati huo ilikuwa na mfuko wake wa bima, nao ukiitwa NHIF, herufi nne zile zile. (Mwaka 2024 waliuvunja wakaweka SHA.) Binamu yangu anasema karani aliitazama kadi, akasema "NHIF, sawa," akaanza kuingiza namba. Kwa dakika tano hivi familia nzima ilipumua. Mashine ikakataa. Akaingiza tena. Ndipo akaisoma kadi vizuri, akaigeuza na kumrudishia binamu kwa adabu, kwa mikono miwili.

Mimi nilikuwa Dar es Salaam, mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili ya isimu. Nilipanda basi alfajiri, nikafika Mombasa usiku, nikalala kwa binamu, na asubuhi nikaenda kaunta nikasema kwa Kiswahili chote nilichosomea: "Nimekuja kwa ajili ya bibi yangu, amelazwa tangu juzi, kavunjika nyonga." Yule dada akaniuliza jina la mgonjwa, akaandika, akanipa fomu ya anayewajibika kulipa. Nikasaini. Baadaye wodini ndipo nikasoma nilichosaini. Kwenye nafasi ya uhusiano na mgonjwa kaandika: mume.

Ningelijua hilo kuliko mtu yeyote. Kenya bibi ni mke. Mama mzaa mzazi ni nyanya, na wauguzi wa pale walimwita Bibi "shosho". Nimeandika kazi nzima ya muhula juu ya msamiati wa ukoo pande mbili za mpaka. Nilipomwambia Bibi, alicheka hadi akashika chuma cha kitanda kwa maumivu. "Basi toa mahari kwanza," akasema.

Mahari ilikuwa shilingi 150,000 za Kenya. Ndiyo dipoziti. Bila hiyo, hakuna chumba cha upasuaji. Shilingi moja ya Kenya wakati huo ilikuwa kama shilingi 16 na senti za kwetu, kwa hiyo ni takriban milioni mbili na nusu kabla daktari hajanawa mikono.

Sikuwachukia kwa hilo, na mpaka leo siwachukii. Mgonjwa wa nje akivuka Lunga Lunga na deni lake, hospitali itamfuata wapi? Mahakama Kuu ya Kenya iliamua mwaka 2015, katika kesi ya kina mama wawili waliozuiliwa hospitali ya Pumwani, Nairobi, kwamba kumzuia mtu hospitalini kwa sababu ya deni ni kuvunja haki zake. Ni uamuzi mzuri. Lakini hospitali isiyoweza kumshika mgonjwa mwishoni itataka kumshika mwanzoni, na dipoziti ndiyo mkono wenyewe. Anayeumia ni yule ambaye hakuna ofisi yoyote iliyo tayari kuinua simu na kusema: mtibuni, sisi tutalipa. Hilo tu ndilo bima inalofanya. Si pesa hasa, ni sauti ya upande wa pili wa simu.

Kulikuwa na wazo la kumrudisha. Kutoka Likoni hadi mpakani ni karibu kilomita 100, halafu zaidi ya 60 hadi Bombo, ambako kadi ingelipa kila kitu. Daktari alisema mgonjwa huyu hapakiwi kwenye gari akiwa hivi. Mjomba akauliza kwenye simu, na hakuwa anatania, kama haiwezekani basi wamfikishe Horohoro tu, upande wetu, halafu tuone. Tulikuwa tunaongelea nyonga ya mama yake. Umaskini unamfundisha mtu kupima maumivu kwa kilomita.

Bili ya mwisho ilikuwa shilingi 618,400 za Kenya, zaidi ya milioni kumi za kwetu. Makorora kwa pesa hiyo watu wanaanza kuzungumzia viwanja.

Watu husema "familia ilichanga" kana kwamba pesa ilidondoka kutoka angani. Nataka kusema ilitoka wapi. Baba mdogo alichukua mkopo wa milioni nne benki, wa kukatwa kwenye mshahara kwa miaka mitatu. Kwa kuwa M-Pesa ya huku na ya kule zinatumiana, alituma hadi kiwango cha siku kikajaa, kisha akatumia laini ya mkewe, kisha ya mwalimu mwenzake. Binamu na mumewe walitoa 60,000 za Kenya. Shamba la Muheza, eka mbili za michungwa alizoacha babu, likauzwa mavuno. Si shamba, mavuno. Desemba michungwa ina maua na vitunda kama gololi, na dalali anayekuja kununua wakati huo anajua kwa nini umemwita. Alitoa milioni mbili na laki nane. Julai lori lake lilipokuja kubeba, jirani mwenye shamba la ukubwa ule ule alikuwa kauza kwa zaidi ya mara mbili.

Halafu chama. Bibi ni mwanachama wa miaka mingi wa chama cha kufa na kuzikana cha mtaa, na ukitaka kujua kama Waswahili wanaelewa bima, usiende kwenye semina, kasome katiba ya chama kama hicho. Kuna mchango wa kila mwezi. Kuna muda wa kungoja kabla mwanachama mpya hajaanza kunufaika, ili watu wasijiunge kitandani. Kuna orodha ya wategemezi. Kuna kifungu cha kulazwa. Kimeandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye kaunta buku, na kinasema mwanachama akilazwa hospitali yoyote "ndani ya Mkoa wa Tanga" atapewa shilingi laki moja. Katibu alikuja nyumbani kwetu akiwa na kaunta buku lake, akasoma kifungu, akafunga, akasema kwa mujibu wa katiba hakuna kitu. Kisha akavua kofia, akaanza kupitisha. Walipata laki tisa, nje ya katiba.

Na mwanaarusi. Huyu ni mtoto wa binamu, ambaye Bibi alikuwa kamfuata kumcheza. Alitunzwa vizuri usiku wa ndani, na asubuhi ya siku ya kuruhusiwa alikuja hospitali na bahasha: 40,000 za Kenya, noti za mia mbili mbili nyingine bado zina harufu ya udi. Kilichobaki mume wa binamu aliandika ahadi ya kulipa, akamaliza Machi. Bibi hakuambiwa habari ya bahasha. Aliijua, hawa watu wa zamani huwafichi kitu, na ndilo jambo pekee katika yote haya lililomliza. Nyonga hakuililia. "Nimekula arusi ya mtoto," alisema, akageukia ukutani.

Tulimrudisha kwa Noah ya kukodi, kiti cha nyuma kimelazwa, mito sita. Horohoro askari aliinama dirishani, akamsalimia Bibi shikamoo, akaomba kadi ya gari. Dereva akatoa. Ya njano, imelipiwa, haina kasoro. Dakika ishirini baadaye tulikuwa upande wetu na ile kadi ya plastiki ikafufuka: mazoezi ya viungo pale Bombo, dawa, vipimo, vyote hadi leo havijatugharimu kitu.

Miezi mitano baadaye nilialikwa Bayreuth, Ujerumani, kwenye kongamano la Kiswahili, nikakutana na bima kwa sura nyingine. Kanuni za viza za Ulaya za mwaka 2009 zinamtaka mwombaji wa viza fupi aonyeshe bima ya safari isiyopungua euro 30,000, inayogharamia matibabu ya dharura, kulazwa, kurudishwa nyumbani kwa sababu za ugonjwa, na kifo. Bila karatasi hiyo hata alama za vidole hazina maana. Niliinunua kwa wakala Dar es Salaam kwa kama shilingi laki moja, kwa siku 21. Nilikuwa na miaka 26, mzima, naenda kukaa kwenye kumbi zenye zulia na kunywa kahawa, nikiwa nimekingwa kwa zaidi ya milioni themanini. Sikuitumia. Nilipata mafua tu.

Wajerumani, kwa kusema kweli, ni wakongwe wa jambo hili. Sheria yao ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi ni ya mwaka 1883, ya Bismarck. Ni Bismarck huyo huyo ambaye serikali yake, mwaka 1885, ilitoa hati ya ulinzi kwa kampuni ya Carl Peters kwenye nchi ambayo baadaye ingekuwa yetu. Jioni moja Bayreuth nilijaribu kumweleza mwanafunzi mwenzangu wa kule habari za dipoziti, na hakuelewa. Alielewa maneno, hakuelewa tukio.

Lakini bima ile ya euro 30,000 haikuwekwa kwa kunihurumia mimi. Iliwekwa ili hospitali ya Ujerumani isibaki na bili ya Mtanzania. Uingereza wanafanya hivyo kwa njia nyingine: rafiki yangu anayesoma kule amelipa ada ya afya ya pauni 776 kwa mwaka, mapema, pamoja na viza, augue asiugue. Nasi tumejifunza. Tangu Oktoba 1, 2024, mgeni kutoka nje anayeingia Zanzibar lazima awe na bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44, hata kama anayo ya kwao. Kila mwenye mlango anajikinga na mgeni. Horohoro hakuna anayejikinga na Bibi, kwa sababu yeye si mgeni, na huo ndio udugu wetu wa Afrika Mashariki: unakupitisha bila maswali, na hauna cha kukuuliza ukianguka. Sisemi waanze kuuliza. Wakiuliza, nusu ya arusi za Likoni zitakosa watu wa Tanga. Ila kwa vile hakuna anayetulazimisha, jambo hili limebaki kuwa letu wenyewe, na sisi hatuliiti safari.

Januari 2025 yule mwanaarusi alijifungua, ikatangazwa akika, na Bibi akasema anakwenda. Hakuna aliyethubutu kumkatalia. Nikaenda kwa wakala wa bima Tanga mjini kuuliza. Kumkinga mtu wa rika langu wiki mbili Afrika Mashariki ilikuwa chini ya bei ya nauli ya kwenda na kurudi. Mtu wa miaka 75 ni zaidi ya mara mbili ya hapo, na kampuni moja kati ya tatu nilizoelezwa haimchukui kabisa. Lazima inunuliwe kabla ya kuvuka. Lazima namba yao ya dharura ipigwe kabla ya kulipa chochote, ukijilipia kwanza huenda wasikurudishie. Presha haimo, ni ugonjwa wa zamani, labda ilete dharura ya kutishia maisha. Nyonga ile ya kushoto haimo pia, kwa sababu ina chuma. Niliisoma karatasi nzima, maandishi madogo yote, pale pale kwenye benchi, wakala akiniangalia kama mtu anayehesabu chenji mbele ya muuzaji.

Jioni nikamsomea Bibi. Mjomba alikuwapo, akasema yeye bima hizi haziamini, ni kumtabiria mtu mabaya, na zina harufu ya kamari: ukilipa usiugue, pesa imekwenda. Bibi akamwuliza, je, kwenye chama cha kuzikana amelipa miaka mingapi na hajafa? Mjomba akaomba chai.

"Na mguu wa kushoto wamesemaje?" Bibi akaniuliza.

"Wa kushoto haumo, Bibi. Una chuma."

"Basi huo nitauacha Makorora."

Kilichomvutia ni kifungu cha mwisho, kile ambacho mimi nilikisoma harakaharaka kwa haya: kampuni itagharamia kurudisha mwili hadi nyumbani. Alinirudisha nisome tena, polepole. Akauliza nyumbani wanamaanisha uwanja wa ndege au Makorora. Nikasema imeandikwa makazi ya marehemu. Akanyamaza, kisha akatoa pesa kwenye kibubu, zake mwenyewe, akanihesabia mara mbili.

Alikwenda, akarudi, hakuanguka. Karatasi ile aliiomba kwangu, nikadhani anataka kuiweka kwenye bati la biskuti pamoja na hati ya shamba. Kumbe kaipeleka kwa katibu wa chama, aisome kikaoni, hasa kifungu cha mwili. Nimeambiwa ulikuwa mjadala wa saa mbili. Wapo waliotaka maneno "ndani ya Mkoa wa Tanga" yafutwe na mchango uongezwe shilingi elfu moja. Mzee mmoja akapinga, akasema ukishafungua Horohoro kesho watu watataka na Maskati. Mwingine akauliza kwani tangu lini Mombasa ikawa nje. Muda ukaisha, adhana ikasomwa, katibu akaandika kwa kalamu ya bluu kwamba ajenda imeahirishwa mpaka baada ya Ramadhani.